Kilima kimeisha, moyo bado unakimbia

Ukitoka Moshi mjini kwa barabara kuu ya kwenda Himo, Kiboriloni inakupokea kwa mitumba. Marobota yamefunguliwa, mashati yametundikwa, na chini kwenye turubai zimepangwa raba jozi kwa jozi, nyingine zikiwa bado na udongo wa nchi za watu kwenye soli. Wakimbiaji wengi wa mji huu hawajawahi kuvaa raba mpya. Walizichagua hapa, wakazikunja kupima soli, wakabishana bei, wakaondoka nazo mkononi. Upande wa mlimani kuna njia inayoachana na lami kuu na kupanda kuelekea Tsuduni na Kidia, Old Moshi, kule Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli mwaka 1900. Kwa mtu wa mazoezi, njia hiyo ni uwanja usiolipiwa kiingilio.

Asubuhi ya mwisho wa wiki utawakuta wa kila aina. Kuna vijana wa mpira wanaopanda kwa kasi, wakitembea kidogo, wakikimbia tena. Kuna kikundi cha jogingi chenye fulana za rangi moja na mtu wa kuanzisha nyimbo za mchakamchaka. Kuna wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wanaojiweka sawa kabla msimu wa watalii haujachangamka. Na kuna akina mama wanaopanda na mizigo kichwani, ambao hawajawahi kuiita safari yao mazoezi na wanatupita sisi wengine huku wakiuliza habari za nyumbani. Mwinuko ukilegea kidogo, wote husimama kuvuta pumzi. Mikono magotini, jasho likidondoka kwenye vumbi. Hapo kila mtu anadhani kazi imekwisha, na kwa miguu ni kweli.

Sisi wa kurasa za michezo tumezoea kuuliza mtu alifika saa ngapi. Tunaandika muda, tunaandika nafasi, tunafunga daftari. Lakini dakika moja inayofuata, ile ambayo mkimbiaji hafanyi chochote zaidi ya kusimama na kuhema, inaeleza mengi kuhusu moyo wake, pengine kuliko kilima chenyewe. Mapigo yalikuwa mangapi alipofika, na yamekuwa mangapi dakika moja baadaye? Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ninayoizungumzia hapa, na jambo la kwanza la kujua ni kwamba haisomeki kwa namna moja kwa mwanasoka, bondia, mkimbiaji wa masafa marefu na mgumu wa mlimani.

Ndani ya chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna sehemu ndogo inayotoa umeme wa kuanzisha kila pigo. Ikiachwa yenyewe, bila amri kutoka popote, ingepiga karibu mara 100 kwa dakika. Mbona basi mtu mzima aliyekaa kibarazani ana mapigo 60 hadi 80, na mkimbiaji aliyeiva ana 40 na kitu? Kwa sababu kuna neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikipita shingoni hadi kifuani na tumboni, iitwayo vagasi, na kazi yake mojawapo ni kuushikilia moyo usiende mbio bure. Ni breki, kama ya bodaboda inayoshuka kutoka Kidia na abiria wawili: dereva haikanyagi mara moja akaiacha, anaishikilia njia nzima.

Unapoanza kupanda, mwili haukimbilii kumwaga adrenalini. Kwanza unalegeza breki. Mapigo yanapanda hadi kukaribia 100 hasa kwa kuachiwa tu, kisha ndipo mfumo mwingine wa neva, ule wa kuhimiza, unapoanza kusukuma hadi 150, 170 na zaidi. Ukisimama, breki hurudi ndani ya sekunde chache. Adrenalini haina haraka hiyo. Bado iko kwenye damu, misuli bado ina joto, taka za kazi bado hazijasafishwa, na hayo yote huchukua dakika kadhaa kutulia. Kwa hiyo mapigo yanayoshuka katika nusu dakika ya kwanza ni habari ya breki, na yanayoshuka baadaye ni habari ya mambo mengi yaliyochanganyika.

Habari za neva hii zina historia tamu. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa bado inapiga. Akaisisimua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachota maji yaliyouzunguka moyo ule akayahamishia kwenye wa pili, ambao hakuugusa neva yake hata kidogo. Nao ukapunguza mwendo. Breki, kumbe, inafanya kazi kwa kemikali, ile tunayoijua leo kama asetilikolini. Loewi na Mwingereza Henry Dale waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ilichukua miaka mingi kabla mtu hajalipeleka jambo hilo kwa wanamichezo kwa namna ya kuridhisha. Mwaka 1994 watafiti wa Japani wakiongozwa na Imai walilinganisha watu wa kawaida, wagonjwa ambao mioyo yao imechoka kusukuma damu, na wanamichezo wanaoteleza kwenye theluji masafa marefu. Wanamichezo walitulia haraka kuliko wote, wagonjwa walichelewa kuliko wote. Walipowapa watu atropini, dawa inayoizuia asetilikolini, kule kutulia kwa haraka kwa sekunde za mwanzo kukapotea. Hapo ikathibitika kwamba zile sekunde 30 za kwanza ni za vagasi.

Namba iliyotawala baada ya hapo ni 12. Ilitoka Cleveland, Marekani, mwaka 1999, ambako Christopher Cole na wenzake waliwapima watu 2,428 waliopelekwa kukimbizwa kwenye mashine ili mioyo yao ichunguzwe, kisha wakawafuatilia kwa miaka sita. Wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza walikuwa na hatari ya kufa mara nne ya wenzao, na hata baada ya umri, afya na mambo mengine kuingizwa kwenye hesabu, hatari ilibaki mara mbili. Namba hiyo imesambaa sana, na mara nyingi inasambaa bila maelezo yake. Wale watu walikuwa na wastani wa miaka 57. Hawakuwa wanamichezo. Na baada ya kufika kilele hawakusimama ghafla, waliendelea kutembea polepole kwenye mashine. Ukimlaza mtu mara tu anapomaliza, mapigo hushuka zaidi, na ndiyo maana kwa vipimo vya kulala madaktari hutumia kikomo cha 18. Kijana wa Kiboriloni anayejipima akiwa amejitupa kwenye nyasi, kisha akajifananisha na wazee wa Cleveland waliokuwa wakitembea, amepima kitu kingine kabisa.

Turudi kwa wanamichezo wetu, tuanze na bondia, maana mchezo wake umejengwa juu ya dakika hiyo hiyo. Ngumi za kulipwa za wanaume ni raundi za dakika tatu, na katikati kuna dakika moja ya kukaa kona. Watu wanaangalia maji yanavyomwagwa kichwani na vaselini inavyopakwa kwenye nyusi. Mimi siku hizi naangalia kifua. Kuna bondia anayekaa kitini akihema kwa mabega, na kengele ikilia anainuka kabla pumzi haijarudi. Raundi inayofuata anaianza na deni, na deni hilo linaongezeka kila raundi. Mwingine nusu dakika imemtosha, zinazobaki anamsikiliza mwalimu wake. Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington mjini Birmingham mwezi Septemba 2018, pambano liliishia raundi ya pili, kwa hiyo alikaa kona mara moja tu. Hiyo nayo ni njia ya kuutunza moyo.

Mwanasoka hana kengele. Anakimbia kwa nguvu kwa sekunde chache, anatembea, anageuka, anakimbia tena, mamia ya mara kwa dakika 90. Mapumziko yake ni vipande vidogo visivyo na ratiba, na moyo wake umezoea kuachiwa na kukamatwa mara kwa mara. Watafiti wa Serbia wakiongozwa na Sergej Ostojic waliliangalia hilo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010: waliwalinganisha wanamichezo wa michezo ya kukatika-katika na wale wa mwendo usiokatika, kama wakimbiaji wa masafa. Katika sekunde 10 na 20 za kwanza, wale wa kukatika-katika walitulia haraka zaidi. Ilipofika sekunde ya 60 tofauti ilikuwa imefutika.

Nimelipenda jambo hilo kwa sababu linakwenda kinyume na tunavyopangana vijiweni. Tungesema mkimbiaji wa marathoni ndiye mwenye moyo mkubwa, basi atamshinda kila mtu kwa kila kipimo. Lakini fikiria kazi yake. Breki anaiachia mwanzoni mwa mbio na haihitaji tena hadi mwisho. Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 15, 2025, alikimbia saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa muda huo huo, wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa zaidi ya saa mbili hakuna mahali palipomtaka Simbu atulie. Moyo wake umefundishwa kubaki juu bila kupapatika, na haupigi mara nyingi akiwa amelala. Ustadi wa kushuka kwa kufumba na kufumbua haukuwahi kudaiwa kwake na mchezo wake.

Wanyanyua vyuma wana hadithi nyingine, nayo ni fupi. Kazi yao ni ya sekunde chache zenye nguvu nyingi, shinikizo la damu likipanda sana, na mazoezi ya namna hiyo peke yake hayaijengi breki kama mbio zinavyoijenga. Ukimwona kijana wa jimu mwenye mikono minene amekaa kwenye jiwe njiani Kidia huku mama mwenye mkungu wa ndizi akimpita, usimcheke. Mmoja wao amezoea kupanda, mwingine amezoea kuinua.

Kuna Mjerumani mmoja aliyegundua zamani kwamba dakika ya kutulia inaweza kutumika kufundishia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kocha Waldemar Gerschler akishirikiana na daktari wa moyo Hans Reindell waliweka kanuni: mwanariadha akimbie kipande kifupi hadi mapigo yafike karibu 180, kisha apumzike hadi yarudi 120. Yakichukua zaidi ya sekunde 90 kurudi, basi kipande kilikuwa kirefu mno au kikali mno, kipunguzwe. Walisisitiza kwamba moyo unajengeka wakati ule wa kupumzika, si wakati wa kukimbia, jambo ambalo wataalamu wa baadaye wameliwekea mashaka. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 Milan mwaka 1939 kwa dakika 1:46.6, na rekodi hiyo ikakaa hadi 1955, ilipovunjwa na Roger Moens wa Ubelgiji, ambaye naye alipita mikononi mwa Gerschler.

Kanuni hiyo haihitaji maabara. Pale Kiboriloni kocha wa timu ya mtaani anaweza kuchagua kipande cha mwinuko, kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, akawapandisha vijana, kisha kila mmoja ajishike shingoni ahesabu kwa sekunde 10. Mapigo 20 ni sawa na 120 kwa dakika. Aliyefika 20 anaondoka tena, asiyefika anasubiri, na anayesubiri kuliko wenzake siku hiyo hiyo anapunguziwa. Hili ni bora kuliko desturi ya kupuliza filimbi kwa wote pamoja, ambayo huwachosha walio dhaifu na kuwaacha walio imara bila kazi.

Wagumu sasa. Hawa ni wanamichezo ambao hakuna anayewapa medali. Mzigo wa mteja una kikomo cha kilo 20, na juu yake mgumu ana vitu vyake mwenyewe. Anatoka geti la Marangu, lililo chini ya mita 2,000, akapita Mandara, Horombo, hadi Kibo kwenye mita 4,700 hivi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya ufukweni, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Moyo wa mgeni unajibu kwa kupiga haraka hata akiwa amelala, na akitembea unachelewa kutulia. Jioni waongozaji huwavalisha wageni kidoleni kile kifaa chenye taa nyekundu, kikatoa namba mbili: oksijeni na mapigo. Mgeni anaitazama ya oksijeni kwa hofu. Mwongozaji mzoefu anaziangalia zote mbili, kisha anamwangalia mtu mwenyewe usoni, kama anakula na kama anajibu utani.

Ile “pole pole” wanayoimbiwa wageni tangu getini wengine huichukulia kama nakshi ya utalii. Ni hesabu. Ukienda mwendo ambao mapigo hayapandi sana, huna cha kulipa unaposimama, na kwenye urefu ule malipo ni ghali. Mgumu amekwisha kuwapita asubuhi akiwa na mzigo kichwani, akafika kambini, akapiga hema, akachemsha maji. Kazi yake inamtaka apande kwa nguvu, atulie, ainame afanye jambo lingine, apande tena, siku sita au saba mfululizo. Kwa maana hiyo anafanana na mwanasoka kuliko na Simbu. Simon Mtuy, mwana wa mlima huu huu aliyeanza kama mpagazi, alipanda na kushuka Kilimanjaro bila msaada mwaka 2006 kwa saa 9 na dakika 21. Karl Egloff akaja mwaka 2014 akapanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Sisi wengine tunaisoma namba hiyo mara mbili.

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Moshi hujaa wageni wa Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003. Kwa miaka mingi mbio ndefu zimekuwa zikitoka kwanza nje ya mji kwa barabara kuu upande huu wa mashariki, kisha zinarudi na kupanda Mweka, halafu zinateremka kumalizia Uwanja wa Ushirika. Ni kipindi cha joto, masika hayajaanza. Joto na kukaukiwa maji vinauchelewesha moyo kutulia, kwa sababu damu inatakiwa kwenye ngozi kupoza mwili na kiasi chake kimepungua. Mtu yule yule, kwa kasi ile ile, atapata namba mbaya zaidi saa nne asubuhi kuliko saa kumi na mbili.

Pale kwenye mstari ndipo watu wanapokosea. Wanamaliza, wanasimama wima kupigwa picha, na wengine wanaanguka. Wakati wa kukimbia misuli ya miguu inasaidia kurudisha damu juu. Ukisimama ghafla, mishipa ya miguuni bado imetanuka, damu inabaki huko chini, breki imeshaushika moyo, na kichwa kinakosa cha kwake. Endelea kutembea dakika chache, picha itapigwa tu. Anayeanguka katikati ya mbio, au anayebanwa kifua, au ambaye kwao kuna ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, huyo aende hospitali kabla ya kurudi kilimani.

Kujipima si kazi, ila kuna mitego. Tumia vidole viwili pembeni ya koromeo au kwenye kifundo cha mkono, bila kukandamiza. Ukihesabu kwa sekunde 10 na kuzidisha mara sita, kosa la pigo moja limekuwa kosa la mapigo sita, na sita ni nusu ya ile 12 inayotisha watu. Saa za mkononi husaidia, ingawa mkono ukitikisika na jasho likiingia zinasoma ovyo, na mkanda wa kifuani unaaminika zaidi. Anayetumia dawa za presha za jamii ya atenololi asijifananishe na mtu, maana dawa hizo zinauzuia moyo usipande tangu mwanzo. Na kilima kiwe kile kile, saa ile ile, kusimama kwa namna ile ile, la sivyo unalinganisha siku mbili ambazo hazifanani.

Halafu kuna hili, ambalo huwashangaza hata makocha. Tumezoea kuamini kwamba moyo ukitulia haraka kuliko mwezi uliopita, mtu amepanda kiwango, na mara nyingi ni kweli, mazoezi ya wiki chache yanatosha kuonyesha tofauti. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Anaël Aubry waliwafuatilia wanamichezo wa triathloni waliokuwa wamezidishiwa mazoezi makusudi. Waliochoka hadi uwezo wao ukashuka, mioyo yao ilitulia haraka zaidi. Namba ilikuwa nzuri na mtu alikuwa hoi. Kwa hiyo kijana anayetoka nguzo ya kwanza hadi ya pili polepole kuliko wiki iliyopita, halafu anafika 20 kabla ya wenzake wote, aulizwe kwanza alilala saa ngapi na alikula nini jana. Kocha anayetazama namba peke yake atampongeza siku ile ile aliyopaswa kumrudisha nyumbani.